Mwaka wenye miezi kumi

Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha mchana, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinivuta pembeni ya sebule na kufungua karatasi aliyokuwa ameikunja mara nne ndani ya mkoba. Ilikuwa hesabu ya nyumba za kupangisha alizotaka kuzijenga kwa mkopo kwenye ploti yake ya Ruai, pembezoni mwa Nairobi. Juu yake alikuwa ameandika kwa mwandiko safi: bedsita 10 (nyumba za chumba kimoja chenye jiko na choo ndani), kila moja shilingi 7,500, jumla 75,000 kwa mwezi. Chini ya hapo aliondoa shilingi 58,650 za mkopo wa chama cha akiba, akaondoa 6,000 za keateka, yaani mtunza nyumba, na matumizi mengine, akabakiwa na 10,350, ambazo alizipigia mstari mara mbili.

"Kaka, niambie ukweli. Iko sawa?"

Niliipitia karatasi ile kwa muda usiozidi dakika tatu. Kuzidisha kulikuwa sahihi, kutoa kulikuwa sahihi. Nikamwambia iko sawa.

Jibu hilo ndilo lililonikosesha usingizi kwa wiki tano.

## Kaunta buku ya baba

Tangu baba alipofariki, mimi ndiye ninayesimamia ploti yake ya Kasarani, upande wa Mwiki. Ina nyumba 12, zote bedsita, alizozijenga kidogo kidogo kwa fedha zake mwenyewe bila kukopa. Kodi hupokelewa kwa simu siku hizi, lakini bado naiandika kwenye kaunta buku aliyoianzisha yeye: safu moja kwa kila nyumba, mstari mmoja kwa kila mwezi. Mpangaji akilipa, kiasi kinaandikwa kwa kalamu ya bluu. Nyumba ikikaa bila mtu, baba alikuwa akiandika kwa herufi kubwa nyekundu neno TUPU, nami nimeendelea na desturi hiyo. Alizoea kutuambia kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na sisi watoto tulidhani anasema tu ili tuandike vizuri.

Nakiri jambo moja. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiandika, lakini sikuwahi kujumlisha mwaka mzima. Nilijua mwezi mzuri na mwezi mbaya kwa kuangalia salio la simu, na hilo lilinitosha. Kwa hiyo siku ile niliposema "iko sawa", sikuwa nimemdanganya mdogo wangu kwa makusudi. Nilikuwa nimempa jibu la mtu ambaye hajahesabu.

Jumamosi moja usiku nilikaa mezani na daftari la mwaka 2024. Nyumba 12 kwa miezi 12 ni kodi 144. Nikaanza kuondoa.

Nyumba nambari 1 anakaa keateka, halipi, na hapaswi kulipa, kwa sababu makao hayo ni sehemu ya malipo yake. Kodi 12 zimekwenda. Nikahesabu neno TUPU kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, nikapata mara 9. Kisha nikafika kwa wapangaji wawili walioondoka usiku, mmoja akiwa na deni la miezi mitatu na mwingine la miezi miwili, na nikiwa nimeshika amana ya mwezi mmoja kwa kila mmoja wao. Hizo ni kodi 3 zilizopotea kabisa.

Zilibaki kodi 120.

Nilihesabu tena kwa sababu namba yenyewe ilikuwa laini mno. Ilikuwa 120 ileile. Nyumba zote 12, kwa miezi 10. Mwaka wa ploti yetu haukuwa na miezi kumi na miwili, na sikuwa nimewahi kugundua.

## Namba saba

Mtu asiye na nyumba ya kupangisha huliona neno TUPU kama nafasi ambayo mpangaji mwingine ataijaza kesho yake asubuhi. Ndivyo nilivyoliona mimi pia kabla ya kusimama ndani ya nyumba nambari 7 mwezi wa Agosti mwaka huo, na fundi wa rangi akiwa amenyamaza kando yangu.

Aliyehama alikuwa kijana mtulivu, mlipaji mzuri, aliyekaa miaka mitatu. Ukutani palikuwa na matundu ya misumari kumi na moja pale alipokuwa ametundika televisheni na rafu. Soketi ya karibu na jiko ilikuwa nyeusi upande mmoja. Chini ya sinki mlango wa kabati ulikuwa umevimba kwa maji hadi haufungi, na nyuma ya bomba, pale jicho la mpangaji halifiki, ukuta ulikuwa umeota ukungu wa kijani hadi usawa wa goti. Fundi alibonyeza plasta kwa kidole gumba, ikadondoka kama mkate mkavu. Alisema tuiache ikauke wiki moja kabla ya kupaka chochote, la sivyo ukungu utarudi kabla ya Krismasi.

Wiki moja ya kukauka, wiki moja ya kazi, kisha watu wakaanza kuja kuangalia. Wa kwanza alitaka nyumba ya ghorofani. Wa pili aliahidi kuleta pesa mwisho wa mwezi na hakurudi. Wa tatu aliingia Oktoba.

Kwa hiyo TUPU mbili za namba saba hazikutokana na uzembe wa mtu. Nyumba yenyewe ilihitaji muda huo, na karatasi ya mdogo wangu haikuwa imeutengea hata siku moja.

## Kodi na kodi

Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili: kodi anayolipa mpangaji, na kodi inayodaiwa na serikali. Mimi hapa nitaiita ya pili ushuru, ingawa nadhani mkanganyiko huo umewagharimu wengi, kwa kuwa karibu kila hesabu ya nyumba ninayoonyeshwa ina kodi ya kwanza bila ya pili.

Tangu Januari 2024, ushuru wa mapato ya nyumba za makazi ni asilimia 7.5, baada ya kushushwa kutoka asilimia 10, na unawahusu wanaopata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Unalipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba unatozwa kwenye jumla ya kodi, kabla ya kuondoa gharama yoyote. Ukimlipa fundi, ukinunua maji, ukibadilisha mlango, yote hayo hayapunguzi hata shilingi moja ya ushuru huo.

Kwa upande wetu, kodi 120 za shilingi 8,500 zilikuwa shilingi 1,020,000. Ushuru wake ulikuwa 76,500, kiasi kilekile tulichopoteza kwa zile TUPU tisa.

Matumizi ya kawaida yalifuata. Keateka pekee alichukua 186,000, na sioni aibu kwa hilo. Mshahara wa chini wa kibarua jijini Nairobi umepita shilingi 16,000 kwa mwezi tangu Novemba 2024, na mtu anayefungua geti saa tano za usiku na kufagia ngazi alfajiri hastahili kulipwa 5,000 eti kwa sababu karatasi ya mwenye nyumba haina nafasi. Umeme wa pampu na wa taa za nje ulikuwa 66,000. Wapangaji hununua tokeni zao wenyewe, lakini pampu haina mpangaji. Maji ya lori katika miezi ya mgao, 28,000. Lori la kunyonya maji taka, mara nne, 36,000. Takataka 28,800, rangi na ukarabati 64,000, na ada za ardhi za kaunti 11,200. Jumla ni shilingi 420,000.

Kisha tangi la juu likapasuka. Shilingi 80,000 pamoja na kulipandisha.

Tulichobakiwa nacho ni shilingi 443,500. Kama ningemwandikia mtu karatasi kwa mtindo wa mdogo wangu, nyumba 12 kwa miezi 12 kwa 8,500, ningeandika 1,224,000. Zaidi kidogo ya theluthi moja ndiyo iliyofika mfukoni, na hapo hakuna mkopo wowote.

## Je, ulikuwa mwaka mbaya?

Hilo ndilo swali nililojiuliza mara moja, na nilitamani sana jibu liwe ndiyo. Nilitamani niseme kwamba 2024 ilikuwa na mkosi wake, kwamba tangi halipasuki kila mwaka, na kwamba jibu nililompa siku ile bado lina heshima yake.

Nikarudi nyuma hadi 2018. Mwaka huo, ulio bora kuliko yote niliyoihesabu, ulileta kodi 131. Mwaka 2020 ulileta 96. Wengi tunakumbuka: shule na vyuo vilifungwa mwezi Machi, Aprili mipaka ya Nairobi ikafungwa, kazi zikakatika, na watu waliopata njia wakarudi ushago na virago vyao. Miaka mingine ilicheza kati ya 115 na 125. Hivyo 120 haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa kawaida yetu.

Kuhusu tangi, daftari lilinifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Mwaka 2021 baba aliandika pampu. Mwaka 2022, ukuta wa nyuma ulioegemea kwa jirani. Mwaka 2023, mabati na mifereji. Kila moja amelitaja pembeni kwa neno lilelile, "dharura", na kila moja ni kweli halijarudi tena. Lakini dharura yenyewe, kwa sura moja au nyingine, haikukosa mwaka hata mmoja. Kitu kinachokuja kila mwaka kina haki ya kuwa na mstari wake kwenye hesabu hata kama hujui kitakuja kikiwa na jina gani.

Jambo la mwisho nililolitafuta ni kupanda kwa kodi. Upande wa pili wa karatasi yake, mdogo wangu alikuwa amepandisha kodi kwa asilimia 10 kila mwaka, na kufikia mwaka wa sita bedsita ya Ruai ilikuwa imepita shilingi 12,000. Kwenye daftari letu, nyumba iliyokuwa 6,500 mwaka 2014 ilikuwa 8,500 mwaka 2024. Miaka kumi, shilingi elfu mbili, na hapo katikati baba aliwahi kuishusha ili watu wasihame. Hiyo ni chini ya asilimia 3 kwa mwaka, katika nchi ambayo mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6 mnamo Oktoba 2022.

Sababu yake unaiona ukisimama juu ya paa la ploti yetu. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 kila mwenye kipande alianza kuchimba msingi, na palipokuwa na mahindi leo pana ghorofa tano zenye ubao wa nyumba tupu getini. Mpangaji ana pa kwenda. Ukimwongezea mia tano, atavuka barabara.

## Kwa nini nilinyamaza

Kujua hesabu ni jambo moja. Kumwendea mtu wako na kumwambia ni jingine. Wiki mbili nzima nilikuwa nikiishika simu na kuirudisha mezani.

Nilihofia kijicho. Katika ukoo wetu, na nadhani katika koo nyingi, mwenye ploti anayemkatisha tamaa asiye na ploti husikika kwa namna moja tu. Baba alijenga, nasi tumesomeshwa na nyumba hizo. Nani mimi nimzuie mwingine?

Hofu ya pili ilikuwa nzito zaidi, na sikuipenda nilipoiona. Nilikuwa nimeombwa niwe mmoja wa wadhamini wa mkopo huo. Ikiwa mdogo wangu angeshindwa kulipa, akiba yangu ingeshikwa pamoja na za wadhamini wengine. Je, nilikuwa nikikosa usingizi kwa ajili yake, au kwa ajili ya akiba yangu? Nimejaribu kulijibu swali hilo kwa uaminifu na nimeishia kuamini kwamba yote mawili yalikuwepo. Lakini hata hofu ya mwenye maslahi inaweza kuwa na hesabu sahihi ndani yake, na hesabu hiyo haikuwa yangu kuificha.

Kulikuwa pia na hoja ya wazee, kwamba ardhi haiozi, na kwamba hata kodi ikiwa ndogo thamani ya mali inapanda. Siipingi. Ila thamani iliyopanda hailipi marejesho ya mwezi. Ili uishike mkononi lazima uuze, na tangu Januari 2023 anayeuza hutozwa asilimia 15 ya faida, kutoka asilimia 5 ya awali, mbali na miezi ya kumngoja mnunuzi. Mtu asiye na deni anaweza kuingoja thamani hiyo miaka ishirini. Mwenye deni anadaiwa tarehe tano.

Na hapo ndipo nilipoona tofauti kati ya nyumba za baba na nyumba za mdogo wangu, ingawa kwa macho zitafanana. Baba akipata kodi 96, familia ilikula maharagwe. Mwenye mkopo akipata kodi 96, anatafuta pesa za kuilipia nyumba inayopaswa kumlipa.

## Mezani, mara ya pili

Nilimwomba aje na mumewe. Nilibeba kaunta buku kwenye mfuko wa nailoni kama mtu anayepeleka ushahidi, nikamwomba ashike kalamu yeye mwenyewe, nami nisome tu.

Nyumba 10 kwa miezi 12 ni kodi 120. Kwa mwaka wa miezi kumi ni kodi 100. Mara 7,500 ni 750,000, yaani 62,500 kwa mwezi. Ushuru, karibu 4,700. Matumizi tuliyashusha kulingana na ukubwa, 25,000. Dharura, 5,000. Akaandika 27,800 na kuiangalia. Kisha akaandika chini yake 58,650.

Pengo la karibu shilingi 31,000 kila mwezi, kwa miaka sita, kutoka kwenye mishahara yao.

Mumewe ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria hata baada ya wiki tano. Mkopo unaanza kukatwa lini? Mwezi unaofuata kupokea fedha. Na ujenzi utachukua muda gani? Fundi alisema miezi sita. Sote watatu tumewahi kujenga au kuona mtu akijenga, tukakubaliana kuandika kumi. Hizo ni shilingi 586,500 za marejesho kabla mpangaji wa kwanza hajauliza kama kuna maji.

Palikuwa kimya. Nje watoto walikuwa wakigombania baiskeli.

"Kwa hivyo nisijenge?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na hiyo ningeiweza. Swali hilo, kwa sauti ile ya chini, sikuliweza. Nilimwambia sijui. Nilimwambia kwamba sikuja kumwambia asijenge, nilikuja kuondoa neno nililomwambia siku ile bila kuhesabu, na kwamba ikiwa atajenga akijua kwamba atachangia elfu thelathini kila mwezi na kwamba wana uwezo huo, basi hiyo ni akiba ya lazima yenye kuta na paa, na wapo watu wazima wanaochagua hivyo kwa akili zao timamu. Kinachoumiza ni kuchangia elfu thelathini pale ulipodhani utapewa kumi.

Tuliongea pia kuhusu kukopa kidogo, kujenga nyumba tano kwanza, na hata kuikopesha serikali akiba yao. Mumewe alikumbuka hatifungani ya miundombinu ya Februari 2024 iliyolipa asilimia 18.46 bila ushuru. Lakini hapo pia nilisita, kwa sababu ni kosa lilelile kuchukua mwaka mnono na kuufanya kuwa kila mwaka. Hati za serikali za muda mfupi zilizokuwa zikilipa zaidi ya asilimia 15 katikati ya 2024 zilikuwa chini ya 10 mwaka uliofuata.

Waliondoka bila uamuzi. Alipiga picha kurasa nne za daftari kwa simu, zile zenye nyekundu nyingi.

## Jumamosi tatu

Nilidhani ameniwekea kinyongo, kwa kuwa alikaa kimya karibu mwezi. Alhamisi iliyopita akanipigia.

Alikuwa ameenda Ruai Jumamosi tatu mfululizo, kwa miguu, kuanzia barabara ya Kangundo hadi kwenye ploti yake, akihesabu mageti yenye ubao wa nyumba tupu. Penye ubao alibisha hodi na kumwuliza keateka maswali matatu: ni nyumba ngapi zimekaa bila mtu, tangu lini, na aliyehama alisema anahama kwa nini. Wengi walimjibu bila hiana. Wengine walimdhania mpangaji na kumwonyesha vyumba, naye akaingia na kuangalia chini ya sinki. Sababu iliyorudiwa zaidi ilikuwa maji, kisha barabara wakati wa mvua. Kuhusu kodi, wengi walimwambia 7,000, na kwamba 7,500 hupatikana penye kisima.

Alikuwa ameandika yote kwenye daftari jipya. Wamepanga kuanza na nyumba tano kwa akiba yao, bila mkopo, na kuchimba kisima kabla ya kupandisha ukuta wa kwanza, ingawa bei ya kisima bado wanaitafuta na huenda ikabadilisha kila kitu tena.

"Na kaka, ule mwaka wako wa miezi kumi," akasema, "kwa Ruai mimi nimeandika tisa na nusu."